Kipanya Kisicho na Mkia na Meza ya Mama Mkwe

Kijana wa dukani pale Kariakoo, mtaa wa Aggrey, alikitoa kipanya kwenye boksi, akachomeka kidude chake kwenye laptopu yangu, akakiweka juu ya kaunta na kukisukuma. Kishale kwenye skrini hakikutikisika. Akasukuma tena, sasa kwa nguvu, kama anayesugua masizi ya sufuria. Wapi. Akabadilisha betri. Wapi. Nilikuwa nimeshaanza kuzirudisha pesa mfukoni pale mzee mwenye duka, ambaye muda wote alikuwa akiandika bila kuinua uso, alipofunga kitabu chake cha risiti, akakisukumia chini ya kipanya na kunyamaza. Kishale kikaruka kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine.

"Ni kioo hicho, bosi wangu," kijana akaniambia kwa sauti ya kulaumu, kana kwamba kaunta niliijenga mimi.

Kaunta za maduka yale ni za kioo ili mteja aone mali iliyopangwa ndani. Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, utazikuta zilezile. Maana yake vipanya hujaribiwa kutwa nzima juu ya kitu ambacho vingi vyao haviwezi kukisoma, na bila shaka wapo wateja walioondoka wakishukuru kuponea chupuchupu kuuziwa kibovu, kumbe wamekiacha kizima. Mimi nilikinunua kile kwa shilingi 15,000. Kilidumu mwaka na miezi. Tangu hapo nimenunua vingine na kufanya makosa mawili, la kwanza likitokana na kukisahau kitabu cha risiti cha mzee yule. Nilikuwa nauliza kipanya kina nini, badala ya kuuliza kitakaa juu ya nini.

Wanaofundisha kompyuta kwa Kiswahili hukiita kipanya, nami nawafuata, ingawa kwa sisi tuliopanda daladala Dar es Salaam miaka ya 1990 kipanya ni Toyota Hiace, ile ya kukaa umekunja shingo. Vijana husema mausi na wanaelewana. Jina lenyewe lilitokana na mkia. Mwaka 1964, kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford huko Menlo Park, California, mhandisi Bill English aliunda kifaa ambacho mwenzake Douglas Engelbart alikuwa amekibuni: kipande cha mbao kilichochimbwa tumboni, magurudumu mawili ya chuma yaliyoelekea pande tofauti, moja la kwenda mbele na nyuma, jingine la kwenda kulia na kushoto, kitufe kimoja juu, na waya. Waya ule ulimfanya kila aliyekiona awaze mnyama yuleyule, na baadaye hakuna aliyekumbuka ni nani hasa aliyelitamka jina kwanza. Desemba 9, 1968 Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco. Hataza ilitoka mwaka 1970. Vipanya vikaja kuuzwa kwa mabilioni, na yeye hakuambulia mrabaha hata wa kimoja.

Mkia ulikatwa baadaye. Kampuni ya Logitech, iliyoanzishwa mwaka 1981 katika kijiji cha Uswisi ambacho jina lake, kwa mchezo wa historia, ni Apples, ilitoa kipanya cha mawimbi ya redio mwaka 1991. Vya kabla yake vilitumia miali ya infraredi, kama rimoti ya televisheni: weka kikombe cha chai katikati ya kipanya na kompyuta, mawasiliano yamekatika.

Lakini mapinduzi ambayo mtumiaji wa kawaida aliyahisi mkononi hayakuwa ya waya. Yalikuwa ya gololi. Waliowahi kukodi dakika kwenye intaneti kafe mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka lile zoezi la kupindua kipanya, kuzungusha kifuniko, kutoa gololi ya mpira, kisha kukwangua kwa ukucha uchafu uliojiviringisha kwenye vijiti vya ndani. Uchafu ule ulikuwa jasho na vumbi la wateja wote wa wiki nzima. Wengine walienda mbali zaidi, gololi ikaondoka nao, na kafe zenye busara zilibandika gundi kwenye kifuniko. Mwaka 1999 Microsoft walileta IntelliMouse Explorer, kipanya kisicho na gololi kabisa: taa nyekundu tumboni na jicho linalopiga picha 1,500 kila sekunde.

Hapo ndipo penye siri ya kile kitabu cha risiti. Kipanya cha leo ni kamera ndogo inayotazama chini. Taa inamulika kwa pembeni, jicho linapiga picha ya eneo dogo kuliko kunde, kisha chipu inalinganisha picha ya sasa na iliyoitangulia: uzi huu ulikuwa hapa, sasa upo pale, basi mkono umekwenda kushoto. Mbao ina nyuzi, karatasi ina vinyweleo, kitambaa kina kona elfu moja. Hata meza inayoonekana laini kwako, kwa jicho lile ina milima na mabonde. Kioo safi hakina kitu. Picha zote zinafanana, kwa hiyo chipu inaamua kwamba kipanya kimetulia, hata kama wewe unakisukuma hadi jasho likutoke. Marumaru iliyong'arishwa sana huleta shida ya aina hiyo, na kioo cha kujitazamia ndiyo usiseme.

Sasa zitazame nyumba zetu. Meza ya sebuleni ni ya kioo. Meza ya chakula mara nyingi nayo ni ya kioo, na juu ya kioo kuna kitambaa cha kufuma.

Chetu kilifumwa na mama mkwe. Kilimchukua msimu mzima wa mvua, maua ya rangi ya maziwa yaliyounganishwa kwa matundu matundu, na aliposhuka nacho Ubungo alikikumbatia kifuani asikiamini buti la basi. Nilipoanza kufanya kazi za uhasibu nyumbani siku tatu kwa wiki, meza ile ndiyo ikawa ofisi. Kipanya changu kilikuwa hakijui kinatembelea nini. Juu ya uzi kilisoma vizuri, juu ya tundu kilikiona kioo, na kingo za maua zilikikwaza kila kinapopita. Kishale kilienda kwa kuchechemea, kikasimama, kikaruka. Nikijumlisha safu ya B najikuta nimebofya safu ya D. Nilipofanya hesabu ya wiki nzima na kukuta makosa mawili yaliyotokana na kubofya pasipotakiwa, nilikikunja kitambaa, nikakiweka kabatini, nikafanya kazi kwa raha kwa siku tatu, daftari gumu likiwa chini ya kipanya.

Siku ya nne mama mkwe alikuja bila taarifa.

"Baba," aliniuliza kwa upole unaotisha, "meza imevuliwa nguo kwa kosa gani?"

Kwa hiyo kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kununua kipanya cha bei mbaya ili kumaliza ugomvi wa kitambaa. Vipo vipanya vinavyosoma kioo. Logitech walileta teknolojia yao ya Darkfield mwaka 2009, na wanasema inafanya kazi hata kwenye kioo kitupu mradi unene wake ufike milimita 4. Ni kweli kinatembea juu ya kioo. Nilikijaribu nikashangaa kama mtoto. Ila bei yake ni mara kadhaa ya kipanya cha kawaida, na meza yangu haikuwa na kioo kitupu, ilikuwa na kioo chenye maua ya uzi juu yake. Matundu na kingo vilibaki palepale. Nililipia uwezo wa kusoma kioo, wakati tatizo langu lilikuwa nyuzi za mama mkwe. Daftari gumu la kaunta buku, la bei ya soda mbili tatu, lingetatua yote. Hata khanga iliyokunjwa mara nne inafaa sana, tena yenye mauamaua ni bora, maana jicho linapenda kitu cha kusoma.

Kwa mtu anayekaa nyumbani saa sita mfululizo, baada ya meza kinachofuata ni mkono. Weka kiganja chako kwenye rula, kuanzia mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Changu ni sentimita 19. Vipanya vidogo vya safari huwa na urefu wa sentimita 10 hivi. Vya mezani hufika 12 na zaidi. Tofauti ya sentimita mbili ni ndogo kwenye karatasi, ila ukikishika kidogo kwa kiganja kikubwa, kiganja kinabaki hewani, vidole vinakunjika kama makucha ya kuku, na kifundo kinabeba kazi yote. Ikifika saa tisa alasiri utakuwa unaukung'uta mkono bila kujua kwa nini. Kipanya cha nyumbani kinatakiwa kijae kiganjani. Uzito si tatizo, kwa sababu hakibebwi.

Vipo pia vile vya kusimama wima, unavyovishika kama unayempa mtu mkono. Sababu yake ni ya mifupa: ukilaza kiganja chini, mifupa miwili ya mkono kati ya kiwiko na kifundo hupishana, na ukikisimamisha kiganja mifupa inakaa sambamba. Rafiki yangu mmoja mchoraji wa ramani za nyumba anaapa kwa hicho. Nami nimekitumia wiki mbili. Wiki ya kwanza nilikuwa nakipiga kikombe kila ninaponyoosha mkono. Mwenye maumivu ajaribu. Mwenye mkono wa kushoto awe macho zaidi, kwa kuwa vipanya vingi vilivyochongwa kwa ajili ya starehe vimechongwa kwa wa kulia pekee, na nyumba yenye mtoto anayetumia shoto na kompyuta moja ya wote inahitaji kipanya kilicholingana pande zote mbili.

Kuna namba moja inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi kuliko jina la kampuni: DPI. Wauzaji huitaja kama wauzaji wa redio walivyokuwa wakitaja wati. Kipanya chenye DPI 1,000 kikisogezwa inchi moja, kishale kinasogea nukta 1,000. Laptopu nyingi skrini yake ina upana wa nukta 1,920, na zile za zamani kidogo 1,366. Yaani inchi mbili za mkono zinakuvusha skrini nzima. Aliye na DPI 16,000 akitikisa kidole kishale kimeshagonga ukuta, na hapo atalazimika kuingia kwenye mipangilio kuipunguza kasi aliyoinunua. Acha wacheza gemu wagombanie namba hizo. Taa za rangi saba nazo ziache hukohuko, zinakula betri.

Nihamie kwenye safari, kwa sababu huko kipanya kinakuwa mnyama mwingine.

Kazi yangu hunipeleka Dodoma mara mbili kwa mwezi. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, safari ambayo ilikuwa siku nzima ya basi sasa ni saa chache za kukaa vizuri, na mwenye hesabu za kumalizia anaweza kuzimaliza kabla hajashuka. Kwenye basi sikushauri kabisa. Matuta ya barabarani yatakubofyea mambo ambayo hukuyakusudia. Tachipadi inatosha huko, au usingizi. Kwenye treni, naweka laptopu mapajani, daftari gumu pembeni ya paja la kulia, na kipanya juu yake. Nafasi niliyo nayo ni upana wa kitabu cha shule ya msingi. Kipanya changu kikubwa cha nyumbani kwenye nafasi ile ni kama kugeuza fuso uani. Hapo ndipo kile kidogo cha sentimita 10 kinapopata heshima yake, maana unakitumia dakika arobaini na si saa sita, na begani hukisikii.

Kosa langu la pili lilitokea safarini, nalo lilihusu kidude. Vipanya vingi vya bila waya huja na kipokezi cha USB, kidogo kama ukucha, kinachobaki kimechomekwa kwenye laptopu. Mimi nilikiacha hukohuko, nikaisimamisha laptopu ndani ya begi kwa ubavu uleule, begi likatua sakafuni kwa kishindo. Kidude kilipona. Tundu la USB likapinda. Fundi alinitoza zaidi ya bei ya kipanya, akaniuliza kama najua kwamba tumboni mwa kipanya, pembeni ya betri, kuna kichumba cha kuhifadhia kidude. Sikujua. Nilikuwa nimekitumia karibu mwaka.

Kidude kina balaa lingine: kikipotea, kipanya kimekufa. Vile vya bei ya chini vimefungishwa ndoa kiwandani, kila kipanya na kidude chake, na hata ukiokota kidude kinachofanana na hicho, havitaongea. Baadhi ya kampuni kubwa zinauza vidude peke yake unavyoweza kuvioanisha upya, na kimoja kikabeba kipanya na kibodi kwa pamoja. Tena laptopu nyembamba za siku hizi nyingine zina matundu ya USB-C tu, yale ya duara la yai, ambayo kidude cha kawaida hakiingii bila adapta. Sasa una vitu viwili vya kupoteza.

Ndiyo maana kwa safari natetea Bluetooth. Haina kidude, haina tundu, unaioanisha mara moja na mambo yamekwisha. Kipanya kilekile kitaongea na kishikwambi na hata simu ya Android, na vingine vina kitufe cha kuhama kutoka kifaa kimoja hadi kingine, hadi vitatu. Lakini kabla hujalipa, iangalie laptopu yako. Vipanya vingi vya sasa vinatumia Bluetooth ya nishati ndogo iliyokuja na toleo la 4.0, na Windows 7 haiielewi. Wengi wetu tunatumia laptopu zilizotumika Ulaya kabla ya kufika hapa; mashine ni imara, lakini nyingine zimefika zikiwa na umri wa kwenda shule. Halafu kipanya cha Bluetooth hakifanyi kazi mpaka mfumo wa kompyuta uwe umewaka, kwa hiyo fundi anayekuwekea Windows upya hatakuwa na habari nacho. Ataomba cha kidude au chenye mkia.

Kama una uwezo, chukua chenye njia zote mbili. Vipo, na tofauti ya bei si ya kutisha.

Kidude na Bluetooth vyote vinasafiri kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, pamoja na Wi-Fi na hata oveni ya maikrowevu. Kwa kawaida vinapishana bila ugomvi. Ukiona kishale kinakwama kila unapochomeka diski ya nje, usikimbilie kubadilisha betri. Diski za USB 3 na waya zake humwaga kelele za redio hapohapo kwenye gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel walilieleza kwa kirefu mwaka 2012. Hamisha kidude upande wa pili wa laptopu, au kichomeke kwenye waya mfupi wa kurefusha ukisogeze mbali kidogo. Nimewahi kumwona mtu akitupa kipanya kizima kwa sababu ya diski yake ya sinema.

Na usalama? Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille nchini Marekani walionyesha kwamba vidude vya kampuni kadhaa, zikiwemo kubwa, vilikubali amri kutoka kwa mgeni aliyejifanya kipanya, akiwa umbali wa hadi mita 100, na amri hizo zingeweza kuwa maandishi ya kibodi. Waliita udhaifu huo MouseJack. Marekebisho yalitolewa kwa baadhi ya vipanya, na udhaifu ule haukuhusu Bluetooth. Mimi sihofii sana jambo hili nikiwa nyumbani Tabata. Ila anayeshika mafaili ya mishahara ya ofisi na kufanya kazi kwenye kumbi za viwanja vya ndege ana sababu moja zaidi ya kuacha vidude vya bei ya chini visivyo na jina.

Kwenye betri ndipo ninapobishana na vijana. Wao wanataka cha kuchaji kwa waya, na wanayo hoja: waya wa simu unao tayari, na vipanya vizuri vya aina hiyo vinapewa dakika moja ya chaji vikafanya kazi saa kadhaa. Nyumbani sina ubishi. Safarini naamini betri ya AA. Inapatikana kwenye kila kioski kuanzia Kigoma hadi Lamu, moja nzuri ya alkali hudumu miezi mingi, na kipanya kinachoendeshwa nayo kitazeeka bila kufa, kwa kuwa nguvu zake unazibadilisha mwenyewe. Cha kuchaji cha bei nafuu kina betri iliyofungwa ndani. Siku ikichoka umebaki na kipambo. Uzito upo, betri moja ya AA ya alkali ni gramu 23 hivi, nami nimeishi nao. Kuhusu mahali pa tundu la kuchajia, Apple waliliweka tumboni mwa Magic Mouse mwaka 2015, hivyo kikichajiwa kinalala chali kama mende na hakitumiki. Mwaka 2024 walibadilisha tundu kuwa USB-C. Wakaliacha palepale tumboni.

Ukiiweka betri ya kawaida na kukisahau kipanya kabatini miezi sita, huenda ukakuta imetapika. Unga mweupe wa betri za alkali hulainika kwa tone la siki au limau kwenye pamba. Futa, kausha, na mara nyingi kinaamka. Begini pia zima swichi ya tumboni. Visivyo na swichi hubonyezwa na vitu vya begi njia nzima, vinaamka, vinalala, vinaamka. Dawa yake ni kuitoa betri kwenye nyumba yake mpaka ufike.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Hata hivyo mimi nimeishia kuwa na viwili, na ndivyo ninavyomshauri yeyote anayeniuliza: kikubwa cha kukaa mezani ambacho hakitoki nyumbani, na kidogo cha bei ya wastani kinachokaa begini na hakitoki begini. Nilijaribu kwa miaka kuwa na kimoja cha kati kwa kati. Kilikuwa kidogo mno kwa hesabu za mwisho wa mwezi na kikubwa mno kwa treni, na kila nilipofika Dodoma kilikuwa kimebaki Tabata. Fedha za kile cha kusoma kioo zingetosha viwili hivi na chenji ikabaki ya daftari. Mwenye fedha ya kimoja tu achukue cha sentimita 10 au 11, kilicholingana pande zote, chenye njia zote mbili, cha betri ya AA, na kisichopiga kelele. Hilo la kelele sikulipa uzito mpaka tulipopata mtoto. Vipanya vya kimya vinabonyezeka kwa mnong'ono, na saa tano usiku kwenye chumba kimoja na mtoto aliyelala, mnong'ono ule una thamani kuliko DPI zote za duniani.

Pale dukani nenda na laptopu yako na daftari lako. Jaribu juu ya daftari, kisha juu ya paja, maana suruali ni meza ya safarini. Bofya mara moja polepole juu ya faili, rudia mara ishirini. Faili likifunguka lenyewe bila wewe kubofya mara mbili, swichi ya ndani imechoka au ni ya ovyo, na ugonjwa huo hauponi. Kamata faili ulivute kutoka upande huu hadi ule, lisidondoke njiani. Zungusha gurudumu uone kama ukurasa unakwenda chini bila kurudirudi juu. Rudi nyuma hatua tano na kipanya mkononi, tazama kama kishale bado kinakutii. Kisha fungua mlango wa betri kwa kucha zako, maana ndio utakaokuwa wa kwanza kuvunjika, na uangalie kama kichumba cha kidude kipo. Boksi lenye jina kubwa na bei ndogo mno, maandishi yaliyofifia na tahajia iliyokosewa, liache hapohapo.

Na usikitupe kipanya chako cha zamani chenye kidude. Simu ya mke wangu ilipopasuka kioo na kugoma kuguswa, na picha za harusi ya mdogo wake zikiwa ndani, nilinunua adapta ndogo ya kuunganisha USB na simu, nikachomeka kidude. Kishale kikatokea katikati ya nyufa. Niliingiza namba ya siri kwa kipanya, nikazihamisha picha zote, na mama mkwe, aliyekuwa amekaa kochini akijifanya hatazami, akaomba kuiona ya kwake na bibi harusi.

Siku ya pili nilikikuta kitambaa kimetandikwa upya mezani. Kona ya upande wangu ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu na kutungwa nyuzi mbili kwa chini isifunguke. Mkunjo ule una upana wa daftari.